Ua ya maboga kwa shuka ya harusi

Miaka ya sabini nilikuwa nachora shuka za harusi hapa Arua. Nachora na bluu ya kufulia, ile inatoka na maji, halafu wanashona uzi juu yake. Wote walitaka waridi, ile wamechora kwa mkebe ya biskuti. Mimi waridi sijaona! Ua ya maboga niliona shambani kwetu Kuluba kila asubuhi, nyuki ndani. Siku moja nikachora hiyo kwa shuka ya bibi harusi mmoja.

Shangazi ya bibi harusi akaleta beseni ya maji. "Wewe binti, hii ni mboga! Osha, chora waridi."

"Sioshi, mama. Kama unapenda mkebe, tandika mkebe kwa kitanda!"

Nikakaa juu ya shuka. Akavuta, nikakaa tu. Bibi harusi akacheka, akachukua sindano na uzi ya manjano, akaanza kushona juu ya ua yangu. Sasa maji ingefanya nini?