Ng'ombe Hajala

Kaka yangu mkubwa aliliweka komeo juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, likiwa bado ndani ya pakiti pamoja na skrubu zake. "Mama akitoka tena," alisema, "unalifunga hili mlangoni kwake. Kwa nje." Kisha akanywa chai, akamwamkia mama, mama akaitikia marahaba bila kujua anamwitikia nani, kaka akaondoka.

Mimi ni fundi cherehani, tena kitinda mimba. Kwetu Meru mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na mama, kwa hiyo hapakuhitajika kikao. Mama alipoanza kupotea ndani ya shamba lake mwenyewe kule Kikwe, nilimleta kwangu Sekei, nikahamishia cherehani barazani ili nimwone muda wote. Hanijui kama mwanawe. Kwa kuwa ananiona nashona, ananiita fundi, na kila asubuhi anauliza kama gauni lake limekwisha.

"Bado kidogo, mama."

"Ninyi mafundi waongo," hujibu, na hapo hakosei.

Asubuhi tulikuwa tunaelewana. Shida ilikuwa alasiri. Saa zile ambazo maisha yake yote alikuwa anakwenda kukata majani ya ng'ombe, mwili wake uliamka wenyewe. Alijifunga kanga kiunoni, akalishika geti. "Ng'ombe hajala," alisema, na hakuna aliyeweza kumwambia vingine. Mara ya mwisho alipopenya nilimkuta amesimama katikati ya lami, bodaboda wanampigia honi, naye anawatukana kwa Kimeru. Ndipo komeo likaja.

Mwanamke aliyeishi maisha yake yote nje, nimfungie ndani kama mbuzi wa sikukuu. Niliapa sitafanya hivyo. Halafu nikajikuta naliangalia lile komeo kila siku, na kuna siku nililiangalia kwa hamu.

Daktari wa kliniki alisema tumpe shughuli, asiachwe akae tu. Nilijaribu. Binti wa kaka alituma vitabu vya kupaka rangi. Mama akafunua ukurasa mmoja, akanirudishia. "Mimi sisomi chekechea." Nikampa maharage achambue. Aliyachambua vizuri, mekundu huku, ya njano kule, mawe pembeni. Jioni nikatupa mawe, nikayachanganya maharage upya nyuma ya nyumba ili kesho apate kazi. Kesho yake akatia mkono kwenye ungo, akapekua, akaniangalia.

"Haya hayana jiwe hata moja. Mtu ameshayachambua. Fundi, unanichezea?"

Alikuwa hakumbuki kama amekula mchana, lakini kazi ya bure aliijua. Niliona aibu, na nilikasirika pia, maana sikuwa na kitu kingine cha kumpa.

Aliyetuokoa ni jirani yangu, mama wa Kichaga anayeishi peke yake, aliyekuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa kwenye banda lililoshikana na ukuta wetu. Siku moja alinisikia nikibembelezana na mama getini, akachungulia juu ya ukuta. "Kwani huyu mama hawezi kunikatia migomba ya ng'ombe? Mimi mgongo umenishinda." Nilidhani ananitania. Kesho yake guta likashusha migomba kwenye uwanja wetu, na mama akaomba panga.

Nilimpa. Kaka angejua, sijui angeniita mwendawazimu gani. Lakini mkono wa mama haukukosea: vipande vyembamba, vilivyolingana, moja kwa moja ndani ya karai. Ng'ombe akilia ng'ambo ya ukuta, mama alimjibu, "Nakuja, nakuja, acha kelele." Jirani alikuja kuchukua karai. "Shikamoo mama. Ng'ombe anashukuru." "Marahaba. Usisahau kumpa maji." Miezi ile geti halikuguswa. Mama alikula, akalala, nami nikashona magauni ya harusi huku nikipiga mluzi kama mjinga.

Kisha wapangaji wa nyumba mpya iliyo upande wake wa pili wakapeleka malalamiko ya harufu ofisi ya mtaa. Jirani aligombana nao mpaka akachoka, akamuuza ng'ombe. Alikuja kuniambia huku anafuta machozi. Sikuwa na haki ya kumchukia, lakini nilimchukia siku nzima.

Mama aliendelea kukata migomba iliyobaki. "Mbona amenyamaza?" akauliza. Nikabeba karai, nikalimwaga kwenye banda tupu, nikarudi. "Amekula, mama."

"Hajala. Ng'ombe huyu akila lazima umsikie."

Jioni alisukuma sahani. Alisema hawezi kula wakati mnyama amekufa njaa mikononi mwake. Alilia kilio cha msiba, na kesho yake akalia upya, kwa sababu kwake habari ilikuwa ndiyo kwanza imefika. Kisha akarudi getini. Kaka akapiga simu: Jumamosi angekuja kulifunga komeo yeye mwenyewe, maana mimi sina moyo huo.

Ijumaa alasiri niliingia kwenye banda la jirani, nikainama, nikaigiza sauti ya ng'ombe.

Mtu mzima mwenye mvi, futi ya kupimia imening'inia shingoni. Mara ya kwanza sauti ilitoka kama mlango usiotiwa mafuta. Mara ya pili akatoka ng'ombe. Ng'ambo ya ukuta nikasikia, "Nakuja, nakuja," na panga likaanza kugonga. Nikacheka peke yangu. Halafu nikaona kesho nitakuwa hapa, na keshokutwa, mvua na jua, mpaka mmoja wetu afe, na kaka anakuja vilevile na bisibisi yake. Nilipofungua mdomo tena, yakanishinda. Nilikaa chini kwenye samadi iliyokauka, nikalia kwa sauti, nikashindwa kujizuia.

Panga likatulia. Kwa haraka yangu sikuwa nimefunga geti.

Mama akatokea mlangoni mwa banda amekumbatia majani ya migomba. Alitazama kila pembe akimtafuta ng'ombe, kisha akaniona mimi.

"Kumbe ni mtoto," alisema.

Akaweka majani chini, akanifuta uso kwa upindo wa kanga, kwa nguvu, vile vile alivyokuwa ananifuta zamani. "Nyamaza. Mama yako yuko wapi?"

Nikamwambia amekwenda kukata majani.

Alitikisa kichwa kukubali. "Basi atachelewa," akasema. "Majani siku hizi yako mbali." Akakaa kando yangu pale kwenye samadi ili tumngoje.