Kondoo wa Shule Dada

Mwanangu, wewe uliyepewa kazi ya kupokea wageni wa shule dada wiki ijayo, iko siku moja naikumbuka nitake nisitake. Nilikuwa mwalimu mgeni huku Kajiado, nimetoka kwetu Murang'a na cheti kipya na majivuno ya kujaza gunia. Shule moja ya Kitengela ilikuwa imekubali kuwa dada yetu, na siku hiyo walituletea madawati na vitabu. Mimi, kwa ujanja wangu, nikatunga wimbo: "Sisi maskini, hatuna kitu, tuhurumieni." Nikamchagua Naserian aongoze, maana darasa zima la tano hakuna aliyesoma kumshinda.

Wageni machozi yakawatoka. Nami nikapiga makofi, eti nimefaulu!

Jumatatu Naserian hakuja. Jumanne hakuja. Ijumaa nikafunga safari hadi kwao. Nilimkuta nyanya yake, ambaye sote tulimwita Koko, akikamua mbuzi. Hakunikaribisha, na unajua huku mgeni hakosi kukaribishwa.

"Mwalimu, huyu mtoto amekataa kurudi," akaniambia. "Wewe ulimwambia aimbe hatuna kitu. Sasa hizi mbuzi ni nini? Ni mawe?"

"Koko, ni ili watusaidie."

"Dada gani huyo wa kupokea tu? Hiyo ni kuomba! Sisi Wamaasai tukipeana kondoo, siwezi kukuita jina lako tena. Nakuita Paker, na wewe unaniita Paker, mpaka kufa."

Uso ulinishuka. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, lakini nani aliniambia mikono yetu ilikuwa mitupu? Nikamwomba Naserian msamaha palepale, majirani wakisikia. Aibu ilinitafuna. Naye akauliza, "Mwalimu, na sisi tukiwapelekea kondoo?"

Muhula uliofuata tukaenda Kitengela, Naserian mbele, akimvuta kwa kamba kondoo jike mnene wa Koko. Wee! Watoto wa mjini walipiga mayowe kama wameona simba. Naserian akawaonyesha jinsi ya kumshika, kumlisha, kumtuliza. Siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa mwalimu, na kabla hatujaondoka uwanja mzima ulikuwa unaitana Paker, Paker. Vitabu viliendelea kuja, kondoo naye akazaa, na watoto wetu hawakuimba tena ule upuuzi wangu.

Juzi shule ile ya Kitengela ilipata mwalimu mkuu mpya. Nilienda kumsalimu, na yeye mwenyewe akatoka kunifungulia lango. Hakuniita Mwalimu. "Sopa, Paker!" akanisalimu kwa Kimaasai, akanikumbatia. Sasa yeye ni wa Kitengela, mimi bado ni wa huku, na kondoo yule ametuunganisha. Ni Naserian, mwanangu! Nililia, tena sioni haya kusema.

Basi nisikilize. Msaada upokee kwa mikono miwili, na shukrani utoe. Lakini usimfundishe mtoto kujidharau ndipo apate dawati, maana dawati litavunjika na dharau itabaki. Kabla wageni hawajafika, waulize watoto wako, "Na sisi tutawapa nini?" Kutoa ni moyo, si utajiri. Watakujibu, utashangaa.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe wanafunzi watakaokupita mbali, na uzeeni mmoja wao akufungulie lango.