Tumbawe Kichwani mwa Bibi Harusi

Picha zilizopamba saluni ya msusi Vidole hazikuwa zake. Zilikuwa za jirani yake, fundi wa fremu, aliyezihamishia humo siku dari la duka lake lilipoanza kuvuja: michoro ya kale ya matumbawe, kazi ya wachunguzi wa viumbe wa zamani, imetiwa rangi kwa mkono, waridi na manjano, kila tumbawe na jina refu la kuvunja ulimi.

Wateja wakadhani ni mitindo ya nywele.

"Mimi nisuke ile yenye matawi," alisema wa kwanza.

Msusi mwingine angemsahihisha. Lakini Vidole alikuwa mtu aliyesuka tangu utotoni chochote kilichotulia, kuanzia nyuzi za pazia hadi ndevu za baba yake akiwa usingizini. Alichukua chanuo tu.

Asubuhi ya harusi ya kaka yake, bibi harusi mwenyewe akaja, akaonyesha tumbawe la duara, limejaa vijia vilivyojipinda kama ubongo.

"Hiyo? Naisuka nimefumba macho."

"Wifi, ukiniharibu leo, nitakusema mpaka kwa wajukuu."

"Tulia. Umekalia kiti cha bingwa."

Bingwa akaanzia kisogoni, mstari mmoja, akaufuata mchoro kona kwa kona. Mstari ukapanda utosini, ukashuka sikioni, ukageuka, ukarudi kisogoni na kukutana na mwanzo wake. Vidole akabaki na ncha mkononi, haina pa kwenda, na nje gari la harusi linapiga honi.

"Fundi! Picha yako inaishia wapi?"

Fundi akaja mbio, akaishusha ukutani, akaifuatisha kwa kidole, ulimi nje.

"Haiishii."

"Na hukuniambia!"

"Ningejuaje unamsuka mtu tumbawe?"

"Huko nyuma kuna nini?" akauliza bibi harusi.

"Raha tupu, wifi!"

Akanyakua sindano na uzi mweusi, akaipenyeza ncha chini ya mwanzo, akashona. Mshono ukapotea kabisa.

Ukumbini, keki ilisahaulika. Mashangazi walipanga foleni kuufuatisha mstari ule kwa kidole, wakibishana nani kadanganya kwa kuruka kona. Bwana harusi alipotea njia karibu na sikio, akaanza upya, akapotea tena palepale, na hakuonekana kusikitika hata kidogo.

Siku kadhaa baadaye wifi akarudi, kichwa kinamwasha.

"Haya, nifumue."

Vidole akainama kisogoni. Akapapasa kushoto, akapapasa kulia. Akamwita fundi na kioo chake cha kukuzia.

"Wifi, mbona hufumui?"

"Nakumbuka nilipoificha ncha."

"Hukumbuki!"

"Kuna mkasi hapa, lakini..."

"Thubutu!"

Fundi ndiye aliyeanza kucheka. Wifi akafuata, kichwa kikatikisika, na Vidole, aliyekuwa ameufuatisha mstari kwa kidole hadi karibu kabisa na sikio, akapotea, akafuta machozi ya kicheko, akarudi kisogoni kuanza upya.