Deli Lililojaribiwa Bulyaga

Nakumbuka, mwanangu Ambokile, jinsi kaka yangu Anyosisye alivyowaita majirani wa Bulyaga, huku Tukuyu, waje barazani kwake kutazama barafu. Alikuwa amenunua deli jipya la kubebea vitu vya baridi, jekundu, akaliacha nje usiku kucha. Asubuhi alipolifungua, mapande ya barafu bado yalikuwamo. Watu wakamsifu. Hakuna aliyejiuliza: Julai, Bulyaga, na baridi ile, kitu gani kingeyeyuka? Hata ungeiweka barafu kwenye ndoo ya kuogea ungeikuta.

Ndivyo tulivyo watu wa Tukuyu. Tunakua ndani ya masweta, basi tunadhani dunia nzima imevaa sweta.

Deli lile lilikuwa la kumpelekea shangazi yetu wa Kyela dawa yake ya sindano ya kisukari, ambayo joto huiharibu. Mimi nilikuwa msichana, nikafuatana na kaka. Tukateremka na gari lake, milima ikaisha, joto likaanza. Tulipoingia Kyela kaka akawakumbuka wakwe zake. Huwezi kuwapita wakwe bila kuwasalimu, na ukiwasalimu utawekewa ndizi, na ndizi za wakwe haziliwi umesimama. Gari likabaki juani, vioo vimefungwa, deli kiti cha nyuma.

Tulipofika kwa shangazi alifungua mfuniko, akatia mkono. Barafu yote ilikuwa maji, na maji yenyewe ungeweza kumwogeshea mtoto mchanga. Akazishika chupa za dawa, akazirudisha taratibu.

"Anyosisye, deli hili ulilijaribia wapi?"

"Nyumbani Bulyaga, shangazi. Lililala na barafu mpaka asubuhi."

"Ndaga, asante, baba. Basi na mimi ungenihamishia huko, nikaugulie barazani kwako."

Hospitali ya pale dawa ilikuwa imeisha. Kabla kaka hajarudi na nyingine, shangazi alikuwa amelazwa, hatambui mtu. Alipona, namshukuru Mungu, lakini tulikuwa tumeshaanza kuulizana nani atapeleka habari kwa ndugu.

Na jana wewe unaniita barazani. "Mama mkubwa, njoo uone, barafu haijayeyuka." Nilitamani kukupiga kwa huo mfuniko. Anayesubiri Kyela safari hii ni mama yako, mdogo wangu wa tumbo moja, ugonjwa uleule, na wewe unanionyesha rangi na vitundu vya kuwekea soda. Nimechoka kuona barafu za barazani.

Nisikilize. Tafuta deli lenye kuta nene, mfuniko unaokaza na mpira wake mzima, lisiwe kubwa kuliko unachobeba. Haya ya kuchomeka kwenye gari nayo uyaulize vizuri, mengi ukizima injini na yenyewe yanalala. Kabla ya kutia dawa, lijaze barafu tupu, ulifungie ndani ya gari juani huko huko Kyela, mchana kutwa. Likishinda, ndipo uniite. Dawa uifunge kitambaa isigusane na barafu, maana kuganda nako kunaiharibu. Na njiani usimsalimu mtu. Wakwe utawapitia ukirudi, wakinuna waambie ni mimi niliyekukataza.

Mungu akutangulie mteremko wote, mwanangu, na mama yako atakapotia mkono humo, akute baridi ya nyumbani.