Bingwa wa Uswisi Aliyejifunga Leso

Mwaka ule nilisimama katikati ya jumba la maduka pale Doha, kiatu cha mteja kinachonuka mkononi, nikajitazama kwenye skrini kubwa nikiwa Mswisi.

Msicheke kwanza. Nitawaeleza.

Kwenye skrini kulikuwa na mtu aliyefunikwa utosini hadi unyayoni, anateremka mlima wa theluji kwa kasi, anakata kona kushoto, anakata kulia, ungaunga mweupe unaruka nyuma yake. Chini yake maandishi makubwa: Njoo ujifunze na bingwa kutoka Uswisi.

Bingwa huyo alikuwa mimi. Rael, binti wa mchuma chai, mzaliwa wa Kericho. Uswisi naijua kwa chokoleti tu.

Na nilikuwa nimeambiwa kwamba nikifungua mdomo, narudishwa nyumbani.

Ilikuwa hivi.

Doha huko nje jua linakaanga watu. Lakini ndani ya lile jumba, ambalo jina lake naliacha, kulikuwa na ukumbi mkubwa wa theluji ya mashine. Watu wanakuja kuteleza, wengine kwa mbao mbili ndefu zinazoitwa ski, wengine kwa ubao mmoja mpana.

Mimi nilikuwa kwenye dirisha la viatu. Unavua chako, nakupa kile kigumu cha ski, ukirudi nakipuliza dawa. Kazi ya kunusa miguu ya dunia nzima.

Kuteleza nilifundishwa na kocha mmoja Mlebanoni, maana kwao milima ya theluji ipo. Wageni wakiwa haba ananiita, "Yalla, Rael, vaa." Nilianguka mpaka nikazoea kuanguka. Halafu siku moja sikuanguka.

Yule Mlebanoni alipoondoka, watoto wakikosa mwalimu walikuwa wanaletewa mimi. Nawafundisha na sare yangu ya viatu, kisha narudi dirishani. Cheo hakuna, asante hakuna.

Nilitaka kitu kimoja tu katika Doha nzima. Nisimame juu ya theluji na jina langu kifuani, mtoto aniite kocha. Wengine walikuja kutafuta shamba na nyumba ya mawe. Hata mimi nilivitaka, sikatai. Ila hicho kimoja ndicho kilichokuwa kinaninyima usingizi.

Basi kiangazi kikafika. Kiangazi Wakatari wenye uwezo wanaondoka kwenda Ulaya, na mwaka ule Ramadhani iliangukia humo humo. Kampuni ikaona afadhali ifunge ukumbi, iuboreshe kabla shule hazijafunguliwa.

Mteremko mpya, mrefu na mkali kuliko wa zamani. Mkanda mpya wa kupandisha watu juu. Mizinga mipya ya kumwaga theluji. Na mkahawa wa kioo, ili matajiri wanywe chokoleti ya moto wakitazama wenzao wakianguka.

Sisi tuliobaki ndio tuliochimba ile barafu ya zamani kwa sululu. Nje joto la kuivisha mayai, ndani meno yanagongana. Ukitoka mlango wa nyuma kubeba taka, unatoa jasho na makamasi kwa wakati mmoja.

Meneja wetu, Mwingereza aitwaye Philip, alipita siku moja akanikuta nachimba.

"Rael," akasema, "mteremko huu ukikamilika, wewe utakuwa kocha wake. Inshallah."

Wenye imani wakisema inshallah wanamaanisha. Philip alikuwa analitumia kumfukuza mtu mlangoni kwa adabu. Nililijua hilo. Lakini nilishika lile neno kocha nikaenda nalo chumbani kwetu mtaa wa Al Mansoura, nikalala nalo.

Oloo akanionya. Oloo ni mtu wa Siaya, fundi wa mitambo ya baridi, yeye ndiye aliyekuwa anaifanya hiyo mizinga mipya iteme theluji.

"Rael, huyo jamaa anakuchezea," akaniambia. "Asha-book bingwa wa Uswisi. Mabango yameshachapwa, nimeyaona store."

Kweli. Bingwa wa kike, anakuja kupigwa filamu ya tangazo na kufungua mteremko. Tukasubiri.

Bingwa hakuja. Aliumia goti huko kwao, kukiwa kumebaki siku chache.

Philip akaniita ofisini. Siku hiyo alinipa kiti, na hapo ndipo nikajua kuna shida.

"Utateremka wewe," akasema. "Helmeti, miwani, kitambaa cha uso, glovu. Hakuna atakayejua."

"Kwa nini wasijue?"

"Rael, bango limesema Uswisi."

"Na ile kazi ya ukocha?"

"Baadaye. Bukra," akasema, yaani kesho kwa Kiarabu.

Oloo aliposikia alikasirika kuliko mimi. "Kataa, bana. Unafichwa kama mtu ameiba. Kataa."

Sikukataa. Na sikuogopa, naomba hilo lieleweke. Ule mteremko hakuna binadamu aliyekuwa ameuteremka bado. Nilikuwa nimechimba pale mpaka mikono ikatoka malengelenge. Nikasema wa kwanza atakuwa mimi, hata kama dunia haitajua.

Siku ya filamu, chumba cha kubadilishia nguo, nikatoa leso yangu kwenye mkoba. Nyekundu, pindo la njano. Mama alinipa nikiondoka nyumbani.

Kwetu mwanamke akiwa na jambo zito mbele yake, anajifunga leso kiunoni. Kuvuna, kupika matangani, kugombana na jirani, kwanza leso. Ningewezaje kuteremka mlima wa watu bila hiyo? Nikajifunga juu ya suruali, koti la bingwa likashuka likafunika.

Mpiga filamu akaona ncha inachungulia. "Chomeka hiyo," akasema.

Nikachomeka.

Nikapanda kwa mkanda mpaka juu, peke yangu. Huko chini watu walikuwa wadogo. Oloo alikuwa pembeni ya mzinga wake, amekunja mikono, amenuna.

Halafu nikajiachia.

Sijui niwaambie nini kuhusu ile dakika. Nilikuwa na furaha mpaka nikalia ndani ya miwani. Kona ya mwisho niliikata kwa hasira, makusudi, theluji ikamrukia Philip kwenye viatu vyake vya ngozi.

Walipoitazama ile filamu, kulikuwa na kitu chekundu kinapeperuka nyuma ya bingwa. Ncha ya leso ilikuwa nje. Mpiga filamu akataka turudie, lakini Philip akamzuia.

"Acha," akasema. "Naipenda. Inachangamsha."

Alidhani ni mtindo wa koti.

Nikamfuata. "Sasa ukocha?"

Akashusha pumzi. "Makocha wanatoka Ulaya, wanafika mwezi wa kumi. Wateja wanataka kufundishwa theluji na watu wa theluji. Si mimi, Rael, ni soko."

"Hii theluji ni ya nani?" nikamuuliza. "Si anaitengeneza Oloo?"

Akacheka. Alidhani natania.

Halafu akaacha kucheka. Siku ya ufunguzi, akasema, koti la bingwa atavaa Cheryl wa mapokezi, msichana wa Afrika Kusini mwenye nywele za dhahabu, apigwe picha na wageni. Mimi dirishani. Na neno likitoka, tiketi yangu ya kwenda Nairobi iko tayari. Enzi hizo huwezi kuhamia kampuni nyingine bila ruhusa ya kafeel wako, yule mwajiri aliyekudhamini, kwa hiyo tishio lilikuwa na meno.

Nikarudi kupuliza viatu dawa. Nilikuwa na uchungu wa kutafuna kucha.

Tangazo likaanza kurushwa kwenye skrini zote za lile jumba. Ndipo mambo yakaanza.

Wa kwanza alikuwa Nahashon, dereva wa teksi anayeishi Al Rayyan, tunasali kanisa moja. Akanipigia simu.

"Rael, huyu mzungu wenu mbona amejifunga leso?"

"Leso gani?"

"Usinibebe ufala. Nimeangalia hiyo kitu mara tatu. Hiyo ni leso. Na vile imekaa kiunoni, hiyo ni mtu wetu."

Nikamwambia hata mimi nashangaa.

Ijumaa kanisani, maana Doha sisi tunasali Ijumaa, kina mama walinizunguka baada ya ibada. Pamela, nesi, mwenyekiti wao, akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Sikuulizi," akasema. "Nakuambia tu tunakuja ufunguzi. Wote."

Na wakaja. Ufunguzi ulikuwa Ijumaa, siku ya familia, wanaume waliokuja kazini bila familia hawaruhusiwi kupita mlangoni. Kwa hiyo Nahashon aliwaleta akabaki nje. Kina mama wakaingia wamevaa nguo za kanisani na mashuka mabegani kwa ajili ya baridi, wakasimama mbele kabisa, kwenye kioo cha mkahawa.

Cheryl alikuwa amesimama chini ya mteremko na koti la bingwa, bango la Uswisi juu ya kichwa chake, tabasamu limekauka. Watu wanapiga picha. Philip anawaka kwa furaha.

Kisha akaja mtoto wa Kikatari, msichana anaitwa Noora, mwenye macho makali, mama yake nyuma. Huyo Noora nilishamfundisha mimi mwaka uliopita kusimama bila kushikwa, lakini siku hiyo hakuniona, nilikuwa nyuma ya dirisha.

Akamtazama Cheryl kiunoni. "Kitambaa chako chekundu kiko wapi?"

Cheryl akamtazama Philip.

"Kiko dobi," Philip akasema.

"Haya ateremke," mtoto akasema. "Nataka kuona ile kona ya mwisho."

Watu wakaanza kupiga makofi wakimhimiza. Cheryl hajawahi kuvaa ski maishani mwake. Kusema ukweli nilimhurumia. Hakuwa adui yangu, naye alikuwa amevishwa tu.

"Bingwa amechoka na safari," Philip akasema. "Kesho, inshallah."

Hapo ndipo kitu kikanikatika moyoni.

Nikaweka kiatu chini. Nikatoka dirishani. Leso ilikuwa mkobani, nikaichukua, pamoja na viatu na ski za saizi yangu.

Philip aliniona nakuja, akanijia haraka, sauti ya chini. "Rael, khalas, basi. Rudi. Hatua moja zaidi na uko kwenye ndege."

"Sawa," nikamwambia. "Nitateremka huu mlima, kisha nitapanda hiyo ndege. Kwa mpangilio huo."

Cheryl alikuwa amesikia. Akavua lile koti, akanipa pamoja na helmeti, miwani na kitambaa cha uso alivyokuwa amevishika. "Chukua," akasema polepole. "Ni lako tangu mwanzo."

Nikalivaa. Nikajifunga leso juu yake, si chini, nikakaza fundo mbele ya watu wote. Helmeti nikavaa, maana mimi si mjinga. Miwani na kitambaa cha uso nikavikabidhi kwa Philip avishike.

Nikapanda na mkanda. Juu sikusubiri.

Niliteremka kama nilivyoteremka mara ya kwanza, kona kwa kona, safari hii uso wazi, baridi inanipiga mashavuni. Kona ya mwisho nikaikata vilevile. Philip alikuwa amejifunza, alirudi nyuma.

Nikasimama mbele ya Noora.

"Kocha Rael," akasema. Hakushangaa hata kidogo.

Nyuma ya kioo kina mama wa kanisa wakapiga vigelegele mpaka walinzi wakageuka. Pamela alikuwa anapunga shuka.

Mama yake Noora akanitazama, akamtazama Philip, akamtazama Cheryl. "Mudir," akamwambia taratibu, yaani meneja, "binti yangu atafundishwa na huyu. Marafiki zangu pia watauliza." Wazazi wengine walikuwa wameshaanza kusogea.

Philip ni mtu wa soko. Akanigeukia, mkono begani kwangu, sauti kubwa. "Mabibi na mabwana, bingwa wetu wenyewe. Tulitaka kuwashangaza."

Mkono wake nikautoa.

"Kericho," nikasema. "Bango libadilishwe. Jina langu, na Kericho."

"Tutalizungumza, Rael."

"Tumeshalizungumza."

Na nikaketi pale pale kwenye theluji, nikasema sifundishi mtoto yeyote mpaka bango la Uswisi lishuke. Nilikaa, makalio yakafa ganzi. Oloo akaja kimya na ngazi, bila kutumwa na mtu, akalishusha mbele ya wageni.

Ndege sikupanda. Bango jipya lilipowekwa liliandikwa: Kocha Rael, Kericho, Kenya. Nilifundisha pale mpaka nilipoondoka Qatar kwa hiari yangu, na Oloo mpaka leo anapenda kusimulia watu jinsi bahati ilivyoniokoa, jinsi leso ilivyochomoka yenyewe kwa upepo.

Huwa namwacha aseme. Leo nawaambia ninyi.

Leso haikuchomoka.

Siku ya filamu, nilipofika juu peke yangu, nilitazama chini nikawaona wote wanaosubiri mtu asiyekuwepo. Nikavua glovu moja. Nikavuta ile ncha niliyoambiwa niichomeke, nikaipitisha kwenye tundu la mkanda wa suruali, nikafunga fundo ili upepo usiirudishe ndani. Nilijua Philip hataielewa. Nilijua pia mtu wetu yeyote, popote Doha, akiiona mara moja atajua.

Kwa hiyo ndugu yangu uliye ugenini, ukisoma hii: kuna siku watakupa kazi yako mwenyewe uifanye kwa jina la mtu mwingine. Ukikataa, heko. Ukilazimika kuifanya, ifanye vizuri mpaka washindwe kuiga.

Ila acha ncha moja nje.