Shingo za Warushaji

Bibi alihamishiwa chumbani kwangu baada ya operesheni ya jicho, maana ndicho chumba pekee cha chini chenye choo chake. Mimi nikapelekwa sebuleni. Sikulalamika. Nilichohofia ni rafu yangu.

Juu yake nimepanga picha za warushaji wa zamani wa besiboli wa Marekani, zilizobandikwa kwenye kadi ngumu, nilizonunua mtandaoni moja moja tangu nikiwa chuo. Watu huniuliza, mchezo huo nani anaucheza hapa mjini kwetu Sib? Hakuna. Nazipenda kwa sababu zinadanganya waziwazi. Kamera za wakati ule hazikuweza kukamata mwendo, basi mrushaji alisimamishwa studio, mkono juu, na mpira ukaning'inizwa kwa uzi. Ukitazama vizuri, uzi unauona. Uongo wa namna hiyo hunipumzisha.

Ami alikuwa ameshasema asubuhi: "Mama hasali mbele ya masanamu. Yatoke kabla ya alasiri, au nitayatoa mimi." Na ami akitoa kitu, hukitoa kwa mfuko wa taka.

Foleni ya magari kutoka ofisini Khuwair ilinichelewesha. Nilipofika, picha zilikuwa palepale, na Bibi amesimama mbele ya rafu, plasta jichoni, kalamu mkononi.

"Nimekuokolea," alisema. "Nimewakata shingo."

Kila mrushaji alikuwa na mstari wa wino wa buluu shingoni. Ndivyo tulivyofundishwa utotoni: ukichora mtu, mpige mstari pale, asihesabike kiumbe hai.

"Bibi, hizi hazipatikani tena."

"Nnajua. Ndiyo maana sikuzichana. Ami yako angezichana."

"Lakini watu wenyewe wamekufa zamani! Wa nini kuwakata?"

"Basi hawakuumia."

Nilitaka kumuuliza nani kasema mstari wa kalamu unaondoa roho, na kajuaje. Ndiyo kawaida yangu, nauliza mpaka watu wanaondoka. Lakini nilimwona alivyoshikilia rafu asianguke, na nilikuwa nimechoka: na foleni, na ofisi, na kuwa sahihi kila siku bila faida yoyote.

"Huyu bado," akanipa kalamu. Alimwonyesha yule mwenye ndevu hadi kifuani, picha yangu ya kwanza. "Shingo yake siioni. Wewe una macho mawili, mmalize. Nnataka kusali."

Nje, gari la ami lilikuwa linaegeshwa.

Niliishika kalamu. Kisha nikaichukua ile picha, nikaitia kabatini chini ya kanzu zangu, nikafunga.

"Umemkata?"

"Nimemtoa."

"Haya," alisema. "Kama huyo humpigi kalamu, mwache huko huko. Nisogezee kiti, daktari kanikataza kuinama."

Nikamsogezea, nikakielekeza kibla, nikatoka kwenda kumzuia ami mlangoni.