Zombi Tuliyemtunga Karantini

Mwaka ule wa korona nilikuwa narudi Siyu kumwangalia mama, ambaye alikuwa ameacha kula. Tuliposhuka Mtangawanda tuliwakuta watu wa afya wakitusubiri gatini. Abiria mmoja tuliyepanda naye chombo Amu alikuwa amepimwa Mombasa, na majibu yake yalikuja tukiwa bado baharini. Yeye akapelekwa hospitali. Sisi wengine tukatiwa kwenye shule iliyokuwa imefungwa, wanawake darasa hili, wanaume lile, na askari akaketi langoni.

Dirishani niliiona barabara ya Siyu. Hilo ndilo lililonimaliza. Lau tungefungiwa mbali, pengine ningetulia. Pale kila pikipiki ikipita nilijiambia, ningekuwa juu ya ile sasa hivi, mama angekunywa uji kabla ya adhuhuri. Nilishika vyuma vya dirisha mpaka viganja vikanuka kutu.

Muuguzi wetu alikuwa dada wa kutoka bara, mwenye Kiswahili cha Nairobi. Kila asubuhi alisimama mlangoni na barakoa yake akatueleza habari za virusi. Tulimwitikia kwa adabu, akishaondoka tukanywea kikombe kimoja. Tulikuwa wazima, hakuna hata aliyekohoa. Bi mmoja wa Pate, aliyekuwa mkubwa wetu sote, alimuuliza swali lile lile kila siku: yeye si mgonjwa, amefungiwa nini?

Mle ndani mlikuwa na msichana wa chuo aliyeshinda akitazama filamu za zombi kwenye simu. Siku moja muuguzi aliingia akatukuta tunalalamikia makelele ya simu hiyo. Badala ya kumkemea msichana, alivuta kiti mlangoni, akauliza yule mtu aliyeng'atwa sasa hivi kwenye filamu anaonekanaje.

"Kawaida tu," msichana akajibu. "Anaongea, anakula. Lakini tayari imo mwilini."

"Na akienda kwao leo?"

Msichana akaisimamisha filamu.

Bi akataka kujua zombi ni nini. Alipoambiwa ni maiti anayetembea na kung'ata watu, uso wake ulibadilika.

"Maiti hatembei, mwanangu," akamwambia muuguzi. "Maiti huoshwa, akakafiniwa, akaswaliwa, akaachwa apumzike. Tufundishe kwa ndia nyingine."

Muuguzi akamwomba radhi. Wakakubaliana kuwa wetu hatakuwa maiti, atakuwa mtu aliye hai, anayeonekana mzima, aliyeng'atwa sokoni, asiyejua amebeba nini. Tangu hapo, kila baada ya swala ya alasiri, tuliketi barazani kila mmoja mbali na mwenzake, tukamtunga, huyu akiachia hapa, mwingine akaendelea. Muuguzi alitukatiza kwa maswali tu. Alimshika nani mkono? Nani alikuwa karibu yake kwenye chombo? Kwa nini amefunga leso kwenye kidonda? Sisi tulijua jibu la hilo la mwisho vizuri kuliko yeye: mtu wetu aliona haya, na aliogopa kutengwa na watu wake.

Zamu yangu iliangukia siku mbaya. Asubuhi shangazi alikuwa amepiga simu kusema mama hataki hata maji. Binamu yangu akaahidi kunisubiri na pikipiki nyuma ya vyoo vya shule baada ya magharibi, mahali ukuta ulipobomoka. Nilikuwa nimeshajifungia kibunda changu. Nikaanza kusimulia. Nikampitisha yule mtu njia zote mpaka kizingitini kwa mamake. Mama yule akasikia hatua zake, akainuka kitandani kumpokea.

"Enhe," Bi akasema. "Akamkumbatia?"

Nikainuka, nikawaacha barazani. Nikaingia ndani, nikampigia binamu nikamwambia asije. Alinikasirikia sana. Nililala nimeukabili ukuta, nikijihisi nimejifunga kwa mikono yangu mwenyewe.

Majibu ya vipimo vyetu yalipowasili, mimi ndiye niliyekutwa na korona, nami sikuwa na joto wala kikohozi. Nikahamishwa peke yangu, chumba kilichokuwa ofisi ya mwalimu mkuu. Nikipita uani kwenda kuoga, msichana wa chuo alirudi nyuma mpaka akagusa ukuta, na nikamsikia akiniita zombi. Muuguzi naye alisikia. Akawaita wote barazani, nami nikasikiliza kupitia mlango.

"Hapa ndipo filamu zinakosea," akasema. "Mle mgonjwa anapigwa risasi. Huyu wetu anapelekewa chakula, na atapona."

Jioni ile Bi alinitumia uji, akausimamia mwenyewe ukipikwa, chupa ikawekwa nje ya mlango. Akasimama mbali akiniombea dua kwa sauti ili niisikie. Nililia nikiunywa uji ule.

Nilipotoka, mama alikuwa hai, amekonda, ameanza kula kidogo kwa mkono wa shangazi. Binamu alikuwa amemweleza kila kitu. Nikajaribu kumfahamisha mama habari za virusi, za mtu kubeba ugonjwa na yeye mwenyewe hana habari. Alinisikiliza amefumba macho.

"Ulikuwa hapo tu," akasema. "Ungalikuya kuniona."

Nikakivuta kichwa chake pajani, nikaanza kumfumua nywele.